Ulezi wa Juu ya Mstari

Wajukuu zangu wakisikia kwamba nilikaa kaya moja na baba mkwe wangu miaka miwili bila kumtazama usoni, hucheka mpaka wanashika mbavu. Bibi bwana! Sasa mkikutana njiani? Nawaambia, tukikutana njiani mimi nilikuwa naingia porini. Ndiyo, porini, na mtungi kichwani na mtoto mgongoni, na kama pana upupu basi ni upupu huo huo. Nageuza uso, nafunika kichwa kwa kitambaa, napiga magoti mpaka miguu yake ipite. Naye akiniona kwanza alikuwa anakohoa toka mbali ili nipate nafasi ya kujificha. Hivyo ndivyo tulivyoheshimiana huko kwetu milimani Ileje. Wao wanaona ni upuuzi. Wacheke tu, hawakuwapo.

Lakini jina ndilo lilikuwa kubwa kuliko yote. Mke wa mwana halitamki jina la mkwewe, hata kwa kunong'ona, hata akiwa peke yake kisimani. Tuliambiwa ukilitaja unamfupishia mzee siku zake. Mama yangu alinifundisha hivyo, na yeye alifundishwa hivyo na mama yake, na hakuna aliyeuliza maswali. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, wa kiume, akapewa jina la babu yake kama ilivyo desturi, basi hata mwanangu niliyemzaa mwenyewe sikuweza kumwita. Nilimwita Babu. "Babu, njoo unyonye." Majirani walinitania, eti nimezaa mzee.

Wakati ule ni wa Mwingereza, vita vya pili vimekwisha lakini Uhuru bado hata hatujausikia ukitajwa. Mume wangu alikuwa ng'ambo kwenye migodi ya shaba, kama vijana wengi wa kwetu. Tulibaki watu wanne: baba mkwe, mama mkwe, mimi na mtoto. Chakula chetu kikubwa kilitoka mahali pamoja tu, shamba la ulezi la baba mkwe, kwenye mteremko juu ya chemchemi.

Mzee yule alilima kama walivyolima baba zake. Alikwea miti, akakata matawi, shina akaliacha lipate kuchipua tena. Matawi akayalundika, yakakauka, akayachoma mvua za kwanza zilipokaribia, kisha akamwaga ulezi juu ya majivu. Mimi nililitazama shamba lile toka chini tu. Kulikanyaga ilikuwa mwiko kwangu, kwa sababu alikuwa na kibanda chake mle cha kulindia ndege, na mke wa mwana hapiti alipolala mkwewe. Mama mkwe ndiye aliyevuna na kuteremsha vikapu.

Sasa, mlima ulikuwa umeanza kuchoka. Watu walikuwa wameongezeka, matawi hayakupewa muda wa kuota, na kila masika udongo ulishuka. Mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia, tope lilifunika bustani za maharage za bondeni usiku mmoja, na chemchemi ikatoa maji mekundu ambayo hata mbuzi waliyakataa. Ndipo likaja tangazo kutoka barazani kwa mwene, ndiye chifu wetu, naye amelipokea kwa serikali. Bwana shamba atapita na kupigilia vigingi kuuzunguka mlima. Juu ya mstari wa vigingi, hakuna jembe, hakuna panga, hakuna moto. Chini ya mstari, kila mtu alime kwa matuta yaliyokingama, ili maji yasipate njia ya kukimbilia.

Watu walinung'unika sana. Wazee walisema mlima haujawahi kupewa amri na mtu. Mimi, nasema kweli yangu, sheria ile sikuichukia. Ni mimi niliyekuwa nachota yale maji mekundu na kuyaacha yatulie nusu siku kabla ya kupika. Nilijua kitu kimeharibika. Ila mke wa mwana hana sauti katika mambo hayo, basi nikanyamaza zangu.

Kwa wale waliokuwa na mashamba juu ya mstari, baraza lilitoa neno la huruma. Mazao yaliyokwisha kupandwa kabla ya tangazo yataachwa yakomae, mwenyewe avune kwa mara ya mwisho, halafu agawiwe kipande kule bondeni badala yake. Lakini siku ya bwana shamba kupita, lazima mtu asimame katika kila shamba na kutaja jina la mwenyewe, karani aandike. Shamba lisilo na mwenyewe litahesabiwa kuwa limefunguliwa kwa kuvunja sheria, na mazao yake yatafyekwa. Siku ilitajwa: Jumatatu.

Ijumaa tukapata msiba. Mdogo wake baba mkwe alifariki upande wa pili wa mlima. Wazee wote wawili wakaondoka, mama mkwe akiniambia, "Tunazika Jumamosi, Jumapili tuko hapa. Tunza mtoto, tunza moto." Wakaenda bila wasiwasi wowote.

Jumamosi asubuhi niko uani natwanga, nasikia watu wanaitana mlimani. Bwana shamba amekuja. Amesema mawingu anayoyaona hayamfurahishi, mto ukijaa hatavuka, basi afadhali aimalize kazi leo. Jamani! Nilitupa mchi, nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda kilima mbio.

Niliwakuta wamefika ukingoni mwa shamba letu. Bwana shamba alikuwa mtu wa kuja, kijana wa mbali, kofia pana na soksi zimejaa matope. Karani wake naye si wa kwetu. Majirani walikuwa kila mmoja kwenye shamba lake, wameshikilia pale kama kuku juu ya mayai, wanaogopa kutoka wasije wakakosa kuandikwa. Mimi nikasimama nje, kwenye nyasi. Hata siku ile mguu wangu ulikataa kuingia.

"Shamba hili la nani?" karani akauliza.

"La baba," nikasema, nimeinama.

"Baba yako?"

"Baba wa mume wangu."

"Haya. Anaitwa nani?"

Nikakaza mbeleko ya mtoto. Akadhani sikusikia, akarudia. Nikasema yupo msibani, atarudi kesho. Akasema hakuniuliza yuko wapi, ameniuliza jina. Nikasema ni babu yake huyu, nikamgeuza mtoto mgongoni amwone. Karani akacheka. "Huyu naye anaitwa nani?" Nikajibu, "Babu." Akamtazama bwana shamba, wakacheka wote wawili. Hawakucheka kwa ubaya, walidhani nina haya za kishamba tu.

Jina la mume wangu je? Nalo mke halitaji. Bwana shamba akasema kwa upole, nakumbuka upole wake mpaka leo, "Mama, nisaidie nikusaidie. Neno moja tu." Ulezi ulikuwa nyuma yangu, umefika kiunoni, unaanza kutoa masuke. Neno lilikuwa hapa, kwenye ulimi. Nilikuwa nalijua kama ninavyojua jina langu. Nikaliona kama mtu anaona nyoka mlangoni, na sikulitoa.

Karani akaandika. Nilijua ameandika nini, maana alikisema kwa sauti huku mkono unakwenda: halina mwenyewe.

Walipoondoka ndipo akili ikanirudia. Nikamkimbilia jirani, mzee wa makamo aliyekuwa shamba la tatu, nikamwomba akamwambie karani jina. Alikwenda, hakukataa. Akarudi ananitazama kwa huzuni. Kitabu cha mlima ule kimefungwa, mwenyewe aje barazani ajieleze. Na Jumapili asubuhi, sisi tukijitayarisha kwenda kanisani, vibarua wa barabara wakapanda na mapanga. Nilisimama kisimani nikausikia ulezi wetu ukifyekwa. Ile sauti, hweee, hweee, haikuchukua muda mrefu.

Wazee walirudi mchana wake. Baba mkwe alipita moja kwa moja akaenda juu, akakaa huko mpaka jua likaelekea kuzama. Mimi nilijifungia ndani nikalia mpaka titi likakauka. Jioni nikamsikia anaongea uani na mkewe, sauti ya kawaida kabisa: "Mwambie mke wa mwanangu amefanya alivyofundishwa. Asilie, mtoto atakosa maziwa." Mama mkwe akaja mlangoni akanirudia maneno yale kama yalivyo, utadhani sikuyasikia.

Na hapo ndipo sifa zikaanza. Wanawake wa milima ile walikuja kunipongeza! Eti mke mwenye adabu ndiye yule, aliyeona chakula kinapotea akafunga mdomo. Binti zao walitumwa kwangu waje wanitazame. Nilipewa kiti mbele kwenye ngoma za harusi. Nilikaa juu ya kile kiti nikiwa na njaa, nikiwaza moyoni, wendawazimu huu.

Kwa sababu njaa ilikuja, na ilikuja mapema. Wenzetu walipovuna ulezi wao wa mwisho sisi tulichuma mboga za porini. Baba mkwe alikwenda barazani mara mbili. Walimpokea vizuri, wakamwambia hawawezi kumgawia kipande cha bondeni mtu ambaye kitabu hakimjui. Ila siku ya kugawa, waliosahauliwa watasikilizwa, mradi atokee mtu wa nyumba yake aseme jina lake palepale mbele ya vigingi. Hiyo siku ni lini? Haijulikani. Tungoje.

Kungoja na tumbo tupu ni kazi. Mtoto alianza kuvimba miguu. Mama mkwe mguu wake mmoja ulikuwa na donda lililomzuia hata kufika kisimani, achilia mbali bondeni. Ikaonekana mzee lazima aende nchi ya chini, kule Kamsamba kwenye joto, akavune mpunga wa watu apewe chakula. Ni safari ya siku nyingi kwa miguu, unapita kijiji cha Mpemba kisha unashuka, unashuka, na mtu wa milimani akifika kule homa humpokea. Alijua. Alifunga mzigo wake.

Asubuhi ya kuondoka nilikuwa natoka kisimani. Nikaona miguu yake njiani, nikageuka haraka niingie nyasini. Sikusikia kikohozi. Nikasikia, "Mke wa mwanangu, usikimbie."

Mungu wangu. Mtungi ulitaka kuniponyoka. Nikapiga magoti palepale, uso chini.

"Simama. Nitazame."

Nikatazama. Ndiyo mara ya kwanza. Alikuwa mzee mwembamba, ana kovu dogo mdomoni, na macho yale yale ya mwanangu.

"Wakija kugawa nami sipo, utakwenda wewe," akasema. "Mama yako hawezi kutembea. Utasema jina langu." Akalitaja. Kisha akasema, "Haya, sema nisikie."

Nilikataa kwa kichwa. Machozi yalikuwa yananitoka, na maji ya mtungi yananimwagikia mabegani. Nikamwambia, "Baba, utakufa."

"Kufa nitakufa tu. Mtoto asitangulie. Sema."

Nikasema. Ilitoka kama pumzi. Akasema, "Sema tena, yule karani masikio yake mazito." Nikasema tena. Akaitikia, "Naam," kama mtu aliyeitwa na bintiye, kisha akafanya jambo ambalo sijaona mwanamume wa rika lake akilifanya. Alitoka njiani yeye, akaingia nyasini, akageuza uso, akaniachia nipite.

Siku ya kugawa ilikuja kama wiki mbili baadaye. Watu walijaa bondeni, mwene amekaa, bwana shamba anapima kwa kamba, karani na kitabu chake. Waliosahauliwa wakaitwa. Nikasimama, na wanawake wote waliokuwa wakinipa kiti mbele wakanitazama, wanasubiri kuona nitamtuma nani. Karani akanikumbuka, akatabasamu. "Leo je?"

Nikalitamka jina la baba mkwe wangu. Kwa sauti, wima, ili lifike. Akauliza tena apate kuandika sawasawa, nikalirudia. Hakuna aliyepiga kelele. Wanawake waliweka mikono midomoni, na mmoja, aliyemleta binti yake kwangu ajifunze adabu, akatema mate chini akaondoka. Karani akaandika. Kigingi kikapigiliwa. Kipande kilikuwa kizuri, udongo mweusi, maji karibu.

Kabla mwezi haujaisha wakapita watu waliotoka nchi ya chini. Walileta panga lake na nguo aliyoondoka nayo. Homa ilimshika shambani kwa watu, siku nne tu, wakamzika huko huko. Watu wakahesabu kwa vidole. Wakasema siku homa ilipomlaza chini ndiyo siku niliyomwita.

Basi. Toka hapo sikula na mtu. Nikipeleka chungu msibani, chungu kinarudi kimejaa. Nikifika kisimani, wenzangu wanakumbuka kazi nyumbani. Niliwaambia mwenyewe ndiye aliyenituma, alinisimamisha njiani akanifundisha. Nani angeamini? Baba mkwe asimame njiani azungumze na mke wa mwanawe, macho kwa macho? Walisema nimemwua mzee, na sasa namsingizia utovu wa adabu kaburini. Mume wangu alikuja likizo, akaniuliza swali moja, "Ulilitaja?" Nikasema ndiyo, nikaanza kueleza, akainua mkono nisiendelee. Alirudi ng'ambo, na safari ile alikaa miaka sita.

Na mama mkwe? Mama mkwe hakusema kitu. Hakunifukuza wala hakunitetea. Tulilima pamoja kile kipande, mimi na yeye, tukakinga matuta kama tulivyoelekezwa, tukavuna maharage na mahindi, na mtoto akakua. Juu ya mstari hakuna aliyekata tena. Miti ilirudi, maji ya chemchemi yakawa meupe, na wale wale waliokuwa hawali nami wakayachota na kushukuru. Kila jioni nilimtazama yule mama upande wa pili wa moto nikajiambia, huyu anajua moyoni mwake kwamba nimemwulia mumewe, na bado anaosha bakuli langu. Nilimwonea huruma. Nilimheshimu mno kwa uvumilivu ule. Sikuwahi kulala usingizi mzima.

Mwanangu alikuwa ameanza kunyoa ndevu siku tulipokuwa tunapepeta maharage, mimi na mama mkwe, kwenye kile kipande. Alikuwa mzee sana, haoni mbali. Akasema, bila kunigeukia, bila hata kusimamisha ungo, "Siku ile njiani, mimi ndiye niliyemtuma. Alikataa siku tatu. Nilimwambia kama hatakwenda kusema nawe, mtoto atakufa na mimi nitakufa."

Nikauliza mara mbili kama nimesikia vizuri. Akasema nimesikia vizuri.

"Mama," nikamwambia, "miaka yote hii. Ungesema neno moja tu. Kwa nini hukusema?"

Akapuliza makapi. Akasema, "Ningesema, mimi ningekula na nani?"

Nilimchukia siku ile kwa moyo wangu wote, na jioni nikampikia uji, maana meno hakuwa nayo tena.